Nahodha Asiyejua Kusalimia

Baba yangu alikuja Masumbwe kunitembelea kwa wiki mbili, na hadi leo hajaondoka. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe nilimpa. Alilitazama, akausifu mpini wake, akaniambia kwamba yeye amestaafu. Alikuja na begi moja la nguo na katoni moja iliyofungwa kwa kamba ya katani. Begi alimwachia kondakta alitupe kwenye buti, lakini katoni aliipakata mapajani njia nzima kutoka Maganzo.

Ndani ya katoni mlikuwa na kanda za video, zile nene nyeusi za zamani, na mimi nilizijua tangu utotoni kwa sababu zilikaa chini ya kitanda cha wazazi wangu na tulikatazwa kuzigusa kuliko tulivyokatazwa kugusa moto.

Habari yake ni hii. Baba alikuwa mhudumu wa klabu ya wakubwa pale mgodi wa almasi wa Mwadui, koti jeupe, sinia mkononi. Mhandisi mmoja mgeni alikuwa na kanda za tamthilia ya anga, ya kale hata kwa wakati huo, isiyo na rangi. Ilimhusu nahodha wa chombo cha angani aliyepotea na watu wake huko kwenye nyota, akitafuta njia ya kurudi kwao, na kila sehemu anatua kwenye sayari ambayo siyo. Jioni wakubwa walikaa wakatazama na kunywa, na baba akatazama kwa kusimama, sinia likiwa kisingizio. Tatizo ni kwamba kila mambo yaliponoga aliitwa jikoni. Zimwi likinyanyua mkono, anaitwa alete karanga. Akirudi zimwi limeshakufa na hakuna wa kumwambia limekufaje.

Jioni ya sehemu ya mwisho walimtuma barafu. Aliporudi walikuwa wanapiga makofi, runinga imezimwa. Mhudumu haulizi maswali. Baada ya muda mfupi yule mhandisi alirudi kwao, na kwa wema wake akamwachia baba katoni nzima ya kanda. Deki ya kuzichezesha aliondoka nayo. Ni kama kumpa kibogoyo gunia la mahindi ya kuchoma.

Basi nimekulia katika nyumba ambamo baba, katikati ya ugali, aliweza kuacha tonge hewani na kusema, "Sijui kama yule bwana alifika kwao." Mama alikuwa akimjibu, "Alifika. Kula." Baba hakumwamini hata mara moja. Mama alifariki, na swali lile bado lilikuwa mezani.

Mimi kazi yangu ni picha. Nilianza kwa kupiga video za harusi mjini Shinyanga, nikajifunza kukata na kuunga mpaka nikaweza kumfanya bwana harusi aliyenuna aonekane anatabasamu. Kisha nikahamia Masumbwe na kufungua kibanda umiza: mabati, mabenchi, shuka jeupe ukutani, projekta, spika mbili na jenereta yenye kikohozi. Wateja wangu ni wachimbaji wadogo wa dhahabu. Wanatoka duarani, ndiyo mashimo yao hayo, wananawa uso, wanakuja kutazama watu wakipigana. Filamu zinakuwa za kigeni, hivyo napunguza sauti na kushika maiki, natafsiri mwenyewe, sauti zote mimi: jambazi mimi, bibi yake mimi, na farasi wake mimi.

Siku moja wateja walinichoka. Walisema karate zote wameshaziona na kama sina kipya watahamia kibanda cha ng'ambo ya barabara chenye mpira. Baba alikuwa mlangoni akinyoa ndevu kwa kioo cha pikipiki ya mtu. Akasema, bila kugeuka, "Mimi ninacho kipya. Cha zamani."

Nilipanda basi hadi Shinyanga kwa shangazi, dada yake baba, ambaye ndiye mtu pekee ninayemjua aliyebaki na deki inayofanya kazi. Miaka yote baba hakukubali kuzipeleka kanda kwake, eti shangazi haachi kuongea picha ikitembea. Ameifunika kitambaa cha kufuma na kuiwekea maua ya plastiki juu, kama kaburi la mtu aliyependwa. Nikaanza kuhamisha kanda kwenye kompyuta yangu. Deki ilikuwa ikichemka baada ya kanda moja, shangazi anaipepea kwa ungo, tunaendelea. Zote nilihamisha isipokuwa ya mwisho. Ile baba alikataa kuitoa katonini. Aliogopa nitaiona kabla yake, halafu mdomo utanitoka. Ananijua.

Niseme ukweli, nilipoitazama ile tamthilia nilikasirika. Mambo ilikuwa nayo, lakini ilitembea kama ng'ombe aliyeshiba. Kulikuwa na mlango wa chombo cha angani uliofunguka polepole kiasi kwamba ungeweza kuchambua mchele wote wa chakula cha jioni ukisubiri nahodha atoke. Nikauona mkasi wangu ukiwashwa. Nikasema hii nitaifanya ya kisasa, watu wa leo hawana subira hiyo. Nikakata mlango. Nikakata maongezi. Nikapaka rangi kidogo anga, nikatia ngoma za haraka chini yake. Saa nzima ikawa nusu saa, na nikajiona fundi.

Maonyesho ya kwanza yaliharibika mapema sana. Nahodha alitua kwenye sayari, akaingia katika jumba la mfalme wa huko, mzee mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani, akasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, na kuanza kueleza shida zake.

"Mama, simamisha," ilisema sauti kutoka benchi la nyuma. Mama ni mimi, ndivyo wateja wanavyoniita.

Alikuwa mchimbaji mmoja mrefu, ambaye havui buti zake za mvua hata kiangazi, na ambaye wenzake wamemchagua kulalamika kwa niaba yao.

Nikasimamisha. "Nini?"

"Huyu nahodha amelelewa na nani?"

"Mimi nitajuaje?"

"Anaingia kwa mzee wa watu, hodi hamna, salamu hamna. Anaanza tu, chombo changu, chombo changu. Mzee anamtazama tu kwa uvumilivu. Mimi ningekuwa mzee huyo ningemwachia mbwa."

Mabenchi yote yakaunga mkono. Nikajaribu kueleza kwamba mambo haya ni ya miaka mingi ijayo, mila zimebadilika.

"Kwa hiyo huko mbele hakuna wazee?" akauliza.

"Wapo, huyo si mmoja?"

"Sasa asalimiwe."

Hawakutaka kuendelea. Nakuapia, zimwi lilikuwa linakuja, mionzi inakuja, mlima unalipuka, na watu wazima wenye misuli wamekunja mikono wakisubiri shikamoo. Nikazima projekta kwa hasira, nikawaambia waende wakatazame mpira wao. Wakaenda, na huko, nilivyosikia, walisema tamthilia yangu haina adabu.

Baba alinipa pole kwa namna yake. "Wana haki," alisema. "Hata kule klabuni jambo hilo lilinikera. Ila mimi nilikuwa na sinia."

Wiki ile sikulala vizuri kwa ghadhabu, kisha nikaketi na kompyuta. Katika sehemu nyingine nahodha alikuwa anainama kufunga buti lake. Nikaikata ile, nikaiunga pale anapoingia kwa mfalme. Sasa anaingia, anainama. Mfalme naye nilimtafutia mahali anapotikisa kichwa akisinzia, nikamrudufu atikise kichwa kadiri ninavyotaka. Juu yake nikaweka sauti yangu: "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mwatokea wapi?" "Mbali, mzee." "Ng'ombe hawajambo?" "Mzee, chomboni hatuna ng'ombe." Na mfalme, aliyekuwa anasinzia tu maskini, akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa.

Nilipoonyesha hiyo, kibanda kilitulia kama kanisani. Mchimbaji mrefu alisema kwa sauti ya chini, "Hawana hata mmoja," na mwenzake akajibu, "Ndiyo maana wamepotea." Kuanzia hapo walikuwa upande wa nahodha.

Ikawa desturi. Kila nahodha alipotua, alisalimia, na kila aliposalimia, kibanda kizima kiliitikia marahaba pamoja na mwenyeji. Vijana wenye ndevu tatu kidevuni, ambao nyumbani kwao hakuna hata mtoto wa kuwaamkia, walikuwa wanapokea shikamoo ya nahodha wa mbinguni, na walivyoipokea, vifua mbele, ungedhani wamezaa ukoo. Wengine walikuja kwa ajili ya hiyo tu. Walisema kazi ikiwa mbaya duarani, inasaidia.

Mengine yakafuata. Walitaka kujua watu hawa wanatafuta nini huko kwenye sayari, na jibu la kwamba wanatafuta njia tu halikuwaridhisha, kwa hiyo nikawafanya wawe wanafuata tetesi za dhahabu, kila sayari wanaambiwa imeshaisha, iko ng'ambo kidogo. Hilo walilielewa mpaka kwenye mifupa. Kulikuwa na roboti mmoja wa bati aliyepiga kelele kila anapotembea, wakasema huyo ni karasha, mashine ya kusagia mawe, na wakamdai afanye kazi, asitembee bure. Nikamfanyia sehemu ambayo anasaga. Kulikuwa pia na zimwi la mpira ambalo mgongoni ilionekana zipu dhahiri. Nilijaribu kulificha kwa kivuli, ikashindikana, mwenye macho haambiwi tazama. Mwishowe nikalitangaza mwenyewe: zimwi hili linatoka sayari ya baridi, limevaa koti. Wakaridhika, ila mmoja akasema basi lilipaswa kulivua lilipoingia ndani.

Mtu ambaye hakuridhika alikuwa baba.

Yeye alikaa mbele kwenye kiti cha plastiki, kofia mapajani, na kunisahihisha. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini baba hakukubali. Kila ilipofika mahali ambapo enzi zile alikuwa jikoni, alisema kwa sauti, "Hiyo haikuwemo. Umeongeza." Nikimwambia baba, hiyo ndiyo ilikuwa ikitokea ulipofuata karanga, alisema, "Ningesikia." Sehemu nzima ambamo nahodha anapigana na pacha wake aliikataa kabisa. Hadi leo anaamini nimeitunga.

Tuligombana kweli juu ya mlango.

"Mlango wa chombo uko wapi?" aliniuliza, sinema imeisha, watu wanatoka.

"Upo. Unafunguka."

"Unafunguka kama wa choo. Ule mlango ulikuwa unakuja taratibu. Moshi kidogo. Halafu mwanga. Halafu yeye."

"Baba, watu wanasinzia."

"Mimi kwenye mlango ule nilikuwa naweka sinia chini na kupumzisha mkono. Ndiyo nafasi pekee niliyokuwa nayo. Rudisha mlango."

Nikamwambia kibanda ni changu. Heri nisingesema. Aliacha kuzungumza nami, akawa ananisemesha kupitia kuku. "Wewe kuku, mwambie huyo mama uji umepoa." "Kuku, muulize huyo mama soksi zangu kaziweka wapi." Majirani walizoea, na jogoo naye alianza kujiona mtu wa maana.

Hata hivyo, sehemu zilipokaribia kwisha, ilibidi atoe ile kanda ya mwisho. Alinikabidhi asubuhi, imefungwa ndani ya taulo, na kwa mara ya kwanza akaniambia mimi badala ya kuku: "Uihamishe umefumba macho."

"Nitajuaje kama imehama?"

"Shangazi yako atazame. Yeye haelewi chochote."

Nikaenda Shinyanga. Shangazi akapepea deki. Mimi macho sikufumba, na asingefumba mtu yeyote. Ikaanza: chombo kinakaribia nyumbani, nahodha ameshika usukani, machozi yanamlengalenga, mkewe hayupo, mama yake hayupo, hatujui anakwenda kwa nani. Chombo kikatua. Mlango ukaanza kufunguka, polepole, moshi kidogo, halafu mwanga.

Halafu chenga, na baada ya chenga akatokea shangazi yangu mwenyewe, kijana, katika shela, analishwa keki.

Keki ilikuwa kubwa kuliko mdomo.

"Kumbe iko huku," shangazi alisema. "Na nilivyoitafuta."

"Shangazi, umefanya nini?"

"Mimi nilikuwa bibi harusi, ningefanya nini? Mpiga picha alisema kanda zimemwishia. Nikaenda kwenye katoni ya baba yako, nikachukua ya chini kabisa. Nilijua iliyokaa chini ndiyo haina kazi. Akakaziba kale katundu ka kuzuia kurekodi kwa gundi ya karatasi, akarekodi." Akafikiri. "Bila shaka aliirudisha kwenu, mama yako akaona lebo, akaitia katonini. Ngoja, usizime, tunafika kwenye kucheza."

Nilikuwa na hasira za kuweza kung'oa deki ukutani. Zaidi ya miaka thelathini mtu anasubiri kujua kama nahodha amefika, na nahodha amezikwa chini ya keki. Nilifungua mdomo niseme maneno ambayo shangazi haambiwi, ndipo picha ikahamia upande wa wazee.

Babu alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, koti la kijivu, kofia gotini. Sikumwona babu nikiwa na akili, alifariki nikiwa wa kubebwa. Pembeni yake kulikuwa na kiti kitupu. Alikuja mtu akataka kukikalia, babu akaweka mkono juu yake. Kila mlango wa ukumbi ulipofunguliwa, babu alinyanyua uso, akatazama, akainamisha tena.

Shangazi aliacha kupepea. "Kiti cha baba yako hicho," alisema. "Guku, babu yako huyo, alitoka kijijini kwa lori kuja kwenye harusi yangu, na njia nzima anamzungumzia mwanawe wa Mwadui. Siku hiyo klabuni kulikuwa na sherehe ya wakubwa, baba yako akanyimwa ruhusa. Alifika sherehe imeisha, tunapanga viti. Lori lilikuwa limeshaondoka na guku. Mvua za mwaka ule hazijaanza, tukaitwa msibani kwake."

Hayo sikuyajua. Nilichojua ni kwamba shangazi humtania baba kila Krismasi kuwa ni mtu wa kuja kupanga viti, na kwamba baba hucheka pamoja na wote, halafu hutoka nje kutazama mbuzi ambao hatuna. Nililia pale pale mbele ya deki, na shangazi akalia, na kwenye runinga yeye mwenyewe alikuwa anacheza kwa furaha isiyo na kifani.

Nilirudi Masumbwe na maamuzi. Ningeweza kumwambia baba kwamba mwisho umefutika. Ningeweza kumwonyesha kanda ya harusi kama ilivyo. Lakini yeye hakuuliza habari za harusi. Aliuliza kama yule bwana alifika kwao, na kukata na kuunga ndiyo kazi yangu. Nikaiondolea rangi harusi ya shangazi ikawa ya kijivu kama anga ya nahodha. Nikaunga. Mlango nikaurudisha wote, kila chembe ya moshi. Baba yangu alipoteza muda mwingi maishani, huu nisingemkatia tena. Mwisho nikamchukua babu anaponyanyua uso kuelekea mlangoni, nikamrudufu, ili salamu ipate nafasi ya kutosha.

"Mwisho umepatikana," nilimwambia.

"Usiniambie," alisema, akaziba masikio.

Ilikuwa Jumapili mchana, watu wametoka kanisani, na tangazo lilikuwa limetembea mpaka kwenye mialo, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu. Kibanda kilijaa mpaka madirishani. Baba alivaa koti. Alikaa mbele, kofia kichwani, mgongo umenyooka, kama mtu aliyefika kituoni mapema.

Chombo kikatua. Mlango ukaanza kufunguka. Mabenchi yakaanza kunung'unika, mtu akasema mama, leo umesahau kukata, na baba, bila kugeuka, akanyanyua kiganja. "Subirini. Huu ndiyo mlango wenyewe." Wakasubiri. Moshi. Mwanga. Nahodha akatoka, akashuka ngazi, na ukutani ukatokea ukumbi uliojaa watu wa kijivu, wanawake wa Kisukuma na vitenge vyao wakipiga vigelegele.

"Kumbe ni wa huku huku," alisema mchimbaji mrefu, na sauti yake ilikuwa na uhakika wa mtu aliyejua siku zote.

"Anayelishwa keki ni nani?"

"Dada yake," nilisema kwenye maiki.

Kisha akatokea babu kwenye kiti, na kiti kitupu pembeni yake. Nilikuwa nyuma, namwona baba kisogo tu. Kisogo hakikutikisika. Ukutani babu akanyanyua uso, akatazama mlangoni, akainamisha. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema shikamoo baba kwa sauti ya nahodha. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi. Nikashusha maiki. Babu akanyanyua uso tena, akatazama, akainamisha.

Baba akasimama. Alivua kofia, na kivuli chake kikaingia kwenye shuka, kikafika karibu na kile kiti.

"Shikamoo, baba," alisema.

Sasa desturi ya kibanda changu inajulikana. Shikamoo ikitolewa, wote wanaitikia. Niliwaona wakivuta pumzi, vifua vikitoka mbele kama kawaida, na nikaona pumzi zile zikibaki mle mle. Anayesalimia alikuwa mzee. Hakuna kijana aliyelelewa vizuri anayepokea shikamoo ya mtu wa umri ule, hata kwa mzaha, hata gizani. Walitazamana. Mchimbaji mrefu alitazama buti zake. Katika kibanda kizima hapakuwa na mtu mwenye umri wa kutosha kuitikia, na babu alikuwa ananyanyua uso, anatazama, anainamisha, ananyanyua tena, na angeendelea hivyo mpaka jenereta iishe mafuta kwa sababu mimi ndiye niliyemfanya hivyo.

Maiki ilikuwa mkononi mwangu. Mtoto hapokei shikamoo ya baba yake. Lakini mjukuu na babu ni watani, mjukuu anaruhusiwa kumchezea babu hata kofia yake, na sikuona mtu mwingine wa karibu zaidi.

"Marahaba, mwanangu," nilisema, kwa sauti nzito kadiri nilivyoweza. "Mbona umechelewa. Kaa, kiti chako hiki."

Baba akakaa kwenye kiti chake cha plastiki, na nikaruhusu picha iendelee, shangazi akacheza mpaka mwisho wa kanda. Hakuna aliyetoka kabla. Walipotoka, walipita mbele ya baba mmoja mmoja na kumwamkia, na yeye aliitikia kila mmoja, jambo lililochukua muda mrefu kwa sababu walikuwa wengi na kila mmoja alimuuliza habari za ng'ombe wake.

Nyumbani sikumuuliza neno, nilikuwa naogopa. Nilikuwa nimemfanya baba yangu anipe shikamoo mbele ya Masumbwe nzima, na kwa mila zetu sijui hata faini yake ni mbuzi au ni dume la ng'ombe.

Asubuhi nilimpelekea uji. Nikapiga goti kidogo kama inavyopasa. Kuku walikuwepo, lakini hakuwaangalia.

"Shikamoo, baba."

Alipokea bakuli. Alipuliza uji. Alikunywa, akafuta mdomo, akatazama barabarani ambako bodaboda zilikuwa zinaanza siku yao, akanywa tena. Goti likaniuma. Ule mlango wa chombo ungeweza kufunguka na kufungwa.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Umeona inavyokuwa? Jana ulinisubirisha hivyo hivyo. Guku hakuwa mtu wa kuchelewa kuitikia."

"Samahani, baba."

"Lakini alifika," alisema.

"Alifika."

Akatikisa kichwa, akaonja uji, na kumwambia kuku aniambie sukari haitoshi.